Kilemba cha Ukoka kwa Mheshimiwa Kosa

Mheshimiwa Kosa, itifaki imezingatiwa.

Wapo waliopanda jukwaani kusifu ushujaa, wengine wakasifu subira, wengine elimu. Mimi nimekuja kukusifu wewe, na nasikia watu wameshaanza kuguna huko nyuma. Siwalaumu. Tangu darasa la kwanza tumefundishwa kukukimbia. Mwalimu wangu wa hesabu alikuwa na kalamu nyekundu kwa ajili yako na fimbo kwa ajili yangu, na vyote viwili havikupata likizo. Atakayesema nakuvika kilemba cha ukoka na aseme. Ukoka nao si haba, muulize ng'ombe.

Tumejuana siku nyingi, lakini udugu wetu ulishika Hispania, katika mji wa Salamanca, nilikokwenda kusoma Kihispania kwa sababu za tumbo. Mimi ni mwongoza watalii. Wahispania hawakosekani Serengeti msimu wa nyumbu, na anayeweza kuwaeleza kwa lugha yao kwa nini nyumbu hujitosa Mto Mara huku wanawaona mamba hulipwa vizuri kuliko yule anayenyoosha kidole na kusema "mira, mira". Nikauza pikipiki, shemeji akaniongezea, nikaondoka mwezi wa tisa.

Salamanca umejengwa kwa mawe ya rangi ya asali, na chuo kikuu chake kilianzishwa mwaka 1218. Kwenye ukuta wa mbele wa chuo hicho, katikati ya nakshi zisizo na idadi, wamechonga mafuvu ya vichwa, na juu ya fuvu mojawapo amekaa chura mdogo. Wanafunzi husema anayemwona chura bila kuonyeshwa atafaulu masomo. Nilisimama pale nusu saa, shingo juu, nikampata, nikampiga picha, nikaituma nyumbani pamoja na maelezo marefu. Jioni nilipoikuza ile picha, chura alikuwa njiwa. Njiwa wa kweli, mzima, aliyetua kupumzika. Hivyo ndivyo ulivyonipokea, Mheshimiwa, hata sijafungua daftari.

Siku ya kwanza darasani tulitakiwa kueleza familia zetu. Walikuwapo Mjerumani mmoja, Wachina watatu, Wabrazili wawili ambao walikuwa wanaongea Kireno tu na kukipindisha mkia, wakaeleweka kila mahali bila jasho. Zamu yangu ikafika. Jina nilisema vizuri, nchi vizuri. Nilipoingia kwenye familia, ulimi ukachukua basi ukarudi kwetu Tarime. Nikasema: "Mi baba vive en Tarime. Mi kaka es policía."

Kwa Kihispania, baba ni ule ute unaomtiririka mtoto mchanga mdomoni. Kwa hiyo udenda wangu unaishi Tarime. Kuhusu kaka, sitatafsiri, maana gazeti hili linasomwa hata mezani. Ni neno ambalo mtoto wa Kihispania humwambia mama yake anapotaka kukalishwa kwenye poti. Basi, la kwangu mimi lilikuwa askari polisi.

Mwalimu aligeukia ubao ili tusimwone uso, lakini mabega yalimsaliti. Wabrazili walilala juu ya dawati. Ila tazama ulichonifanyia, Mheshimiwa: kuanzia saa ile hakuna mtu shuleni asiyenijua. Nilialikwa kahawa siku hiyo hiyo, na tena siku iliyofuata. Yule Mjerumani alijieleza kwa dakika tatu nzima bila kukualika hata mara moja. Jina lake silikumbuki.

Wiki ya pili ukanipeleka sokoni. Nilikuwa na hoja yangu: hawa watu wana peso huko Amerika, sisi tuna pesa, bila shaka neno ni moja. Nikaokota nyanya, nikampa mama muuzaji, nikauliza kwa kujiamini: "¿Cuánto pesa?" Akaziweka kwenye mizani, akasema kilo moja na robo. Nikadhani hakunisikia. Nikauliza tena, nikikaza sauti kwenye lile neno pesa. Akazipima upya, safari hii akageuza mizani nione mwenyewe. Nikatikisa kichwa, nikasugua kidole gumba na cha shahada kama tufanyavyo kwetu, nikarudia mara ya tatu. Akashusha pumzi, akachukua nyanya nyingine kubwa, akaitupia juu ya zile. Alidhani namtuhumu kanipunja. Nilimwuliza mara tatu zinapima uzito gani, na mara ya tatu akanilipa kwa kuuliza.

Sasa nije kwenye saa, maana hapo ulijitolea kuliko kote.

Mwezi wangu wa pili huko, jirani wa ghorofa ya juu, mwanamke mchangamfu ambaye nilikuwa nikikutana naye kwenye ngazi akiwa na mfuko wa mkate, alinialika chakula kwake Jumamosi, "a las nueve". Nueve ni tisa. Saa tisa. Nilifurahi kwamba nimeelewa bila kurudiwa. Jumamosi nikapiga pasi shati, nikanunua maua, na saa tisa kamili mchana, jua likiwa bado kali, nikabonyeza kengele.

Msomaji aliyekulia Kiswahili hana haja ya kuelezwa. Kwetu jua likichomoza ndipo siku inapoanza kuhesabiwa, kwa hiyo saa moja asubuhi ni saa moja ya mwanga. Wao wameanzia usiku wa manane, jambo ambalo bado naliona ni la watu wasiolala. Yule mama alikuwa ameniambia saa tatu usiku, wakati ambao Mhispania ndiyo kwanza anawaza chakula cha jioni.

Mlango ukafunguliwa na mzee aliyevaa ndara, kitambaa cha mezani kimeninginia shingoni, kijiko mkononi. Nyuma yake niliona watu sita wamezunguka meza, maana saa tisa mchana Wahispania wako katikati ya chakula cha mchana. Kimya kikapita. Mzee akaniangalia, akaangalia maua, akaniangalia tena. Halafu akasema neno moja ndani, nikasikia kiti kinaburutwa.

Hakuna aliyeniuliza kitu. Wakasogeana, nikapewa sahani ya dengu zilizopikwa na soseji ya nguruwe. Nikala dengu, soseji nikaipeleka polepole pembeni, mzee akaiona, akaihamishia kwake bila kunitazama, kama tuliopanga tangu jana. Wakanipa mkate. Wakanipa chungwa. Ikafika saa kumi, nikashukuru, nikasimama. Yule mama akanisindikiza mlangoni, akanishika mkono, akasema kwa upole sana, neno moja moja, "Bueno, pues hasta las nueve". Basi, tuonane saa tisa.

Nilisimama kwenye ngazi nikihesabu vidole.

Usiku nikarudi, mikono mitupu, maua yangu yakiwa katikati ya meza yao. Tumbo lilikuwa limejaa dengu hadi shingoni, na mbele yangu kukatua kiazi na mayai, samaki, jibini, nikala vyote kwa adabu ya mgeni. Mzee akataka maelezo. Nikaomba karatasi, nikachora jua, mlima, jua likipanda, nikaandika 1 juu kidogo ya pale lilipochomoza. Alikuwa amelima maisha yake yote. Akaitazama ile karatasi muda mrefu, akaigonga kwa kidole, akawaambia wanawe jambo ambalo nililielewa hivi: huyu ndiye mwenye saa, sisi tumepotea. Tangu siku hiyo, tukikutana kwenye ngazi, aliniuliza ni saa ngapi kwa Kiafrika, na nilikuwa mpangaji pekee wa jengo lile aliyejua habari za goti lake. Kama ningefika saa tatu usiku kama watu wenye akili zao, ningekula mara moja, ningeaga, mambo yakaishia hapo.

Lakini binadamu hana shukrani. Nilikuasi.

Ilikuwa Januari. Salamanca uko juu, kama mita 800 kutoka usawa wa bahari, na baridi ya huko usiku hushuka chini ya sifuri, mabomba yakalia. Nilikwenda kunyoa. Sasa sisi watu wa Tarime tunajulikana: chakula kwetu ni chakura, na Mkurya akikuambia anarara usidhani anatania. Kwa Kihispania nywele ni pelo, "lakini" ni pero, mbwa ni perro, ile r ikikokotwa kama pikipiki inayokataa kuwaka. Kwa ulimi wangu hao watatu ni ndugu wa tumbo moja. Nilijitahidi sana, nikaikokota ile herufi kwa nguvu zote, nikamwambia kinyozi mbele ya foleni nzima kwamba naomba anikate mbwa.

Walicheka vizuri tu, bila ubaya. Hata mbwa wa mteja mmoja alikuwepo, akaamka. Lakini siku hiyo nilikuwa nimechoka, kulikuwa na ukungu, nyumbani hawakupokea simu, na kicheko kile kikanichoma mahali ambapo vya nyuma havikufika. Usiku ule nikaapa: sitafungua mdomo tena hadi sentensi iwe safi.

Nikafunga ndoa na Bi Usahihi. Ni mwanamke msafi, lakini nyumba yake haina wageni. Nilinunua daftari la vitenzi, nikajaza jedwali baada ya jedwali. Darasani nilikuwa naandaa sentensi kichwani, naikagua jinsia, naikagua wakati, naipanga mkia wake, na ikiwa tayari ile mada imeshaondoka kama daladala, nabaki kituoni na nauli mkononi. Dukani nilinyoosha kidole. Kwa mwenye nyumba nilitabasamu. Wiki tatu. Mwalimu alisifu maandishi yangu, na ni kweli yalikuwa mazuri. Katika majuma hayo matatu sikumfahamu mtu mpya hata mmoja, na wa zamani wakaanza kuniamkia kwa mbali kama mtu aliyefiwa.

Aliyenitoa huko ni mama mwenye nyumba, mjane wa miaka 70 na ushei. Aliona simalizi chakula na sisemi, akadhani naumwa. Jioni moja akagonga, akaniita sebuleni kwake. Mezani palikuwa na bakuli la supu ya vitunguu saumu, ile ya mkate na yai ndani, na kando yake pakiti ya karata.

Akazitandaza. Sikuzifahamu kwa sura, maana Wahispania wana karata zao, lakini alipoanza kuzitaja masikio yalisimama. Copas: nikasikia kopa. Oros: nikasikia uru. Espadas: ukiikung'uta vumbi, ni shupaza. Bastos ni marungu, na hapo Wareno, waliokuja pwani yetu mwaka 1498 na kung'olewa Fort Jesus na Waomani mwaka 1698, wao husema paus, ndiyo pao yetu. Mizinga yao imeota kutu kule Mombasa; karata bado zinapigwa kila kijiwe. Na mchezo aliotaka tucheze, brisca, ni albastini yetu ya bwenini iliyovaa koti. Turufu ipo, nao wanaiita triunfo. Pointi zote ni 120, anayevuka 60 kashinda. Ila bwenini kwetu iliyotisha baada ya karata ya moja ilikuwa saba, na huku ni tatu.

Nikatupa karata. Akatupa yake, akazoa zote, akachota nyingine, akatupa. Halafu akaniangalia usoni, akaniambia: "Toca."

Toka!

Wiki tatu za ukimya, kichwa kimejaa majedwali, supu ya watu bado ya moto mbele yangu, na mwenye nyumba ananiambia toka. Nikasimama. Akaonekana kushangaa, akarudia kwa msisitizo na kidole juu: "¡Te toca, hijo! ¡Te toca a ti!" Nikaona basi, yameisha, nikaweka karata zangu mezani kwa heshima, nikaomba radhi, nikashika kitasa cha mlango.

Darasani nilifundishwa kwamba tocar ni kugusa, tena ni kupiga gitaa. Hawakuwa wamefika kwenye zamu. "Te toca" maana yake ni zamu yako.

Yule mama alinivuta kwa mkono wa sweta, akataka kujua nimeona nini. Na hapo, Mheshimiwa Kosa, ndipo uliporudi na ukoo wako wote. Hapakuwa na muda wa kuandaa sentensi. Nikamwaga. Nikamweleza kwamba kwetu toka ni ondoka, ni potea, ndivyo tunavyomfukuza mbwa na kuku jikoni. Nikaeleza kwa vitenzi visivyo na mikia, wanaume nikiwafanya wanawake, jana nikiifanya kesho. Alicheka hadi akavua miwani. Kisha akajaribu neno lenyewe, akiniamuru niketi huku akisema "toka, toka". Tulicheza hadi saa sita usiku. Aliniuliza kuhusu mamba, kuhusu mama yangu, kama ni kweli simba hulala mchana. Nilijibu yote vibaya na akaelewa yote.

Baada ya hapo sikukukimbia tena, na ukaanza kunifundisha hata nisichoomba. Kihispania kina namna mbili za kusema "ni": ser kwa yaliyo ya kudumu, estar kwa yanayopita, ndivyo tulivyokaririshwa. Basi nikaandika kwamba babu yangu "es muerto", maana nijuavyo mimi hakuna jambo la kudumu kama kufa. Daftari likarudi na wino mwekundu: "está muerto". Nikalalamika kwa siku mbili. Wanategemea arudi? Siku ya tatu nikiwa napiga mswaki nikasikia: amekufa. Amelala, está dormido. Amekaa, está sentado. Amechoka, está cansado. Ile "me" yetu, ya kitu kilichotokea na matokeo yake bado yapo pale pale, wao wameiweka kwenye estar. Hakuna kitabu kilichoniambia hilo, na babu alishafariki miaka mingi iliyopita, lakini alinifaa.

Watu wanaokudharau hawaujui ukoo wako. Kuna orodha ya kale inaitwa Appendix Probi. Mwalimu mmoja wa Kilatini, ambaye jina lake limepotea, alichoshwa na jinsi watu wanavyoongea, akaketi akaandika makosa yao zaidi ya 200: semeni hivi, msiseme vile. Sikio semeni auris, msiseme oricla. Kioo semeni speculum, msiseme speclum. Namwona kabisa, mdomo ameukunja. Leo Kihispania cha sikio ni oreja, mjukuu wa oricla, na kioo ni espejo, mjukuu wa speclum. Safu yake ya kulia, ile ya aibu, ndiyo iliyozaa lugha. Safu ya kushoto iko makaburini. Na pale alipoandika semeni mensa, msiseme mesa, kosa halijabadilika hata herufi. Mesa ndiyo meza ya Kihispania, ndiyo ya Kireno pia, Wareno wakaipakia kwenye merikebu, na leo mama ntilie wa Tarime anaifuta kwa kitambaa kabla ya kukuwekea ugali. Tumeegemea viwiko juu ya kosa la Kilatini miaka yote hii.

Ulipokuwa umeshavaa suti, wakakuandikia sheria. Sarufi ya kwanza ya Kihispania, ya Antonio de Nebrija, ilipigwa chapa Salamanca huko huko, mwaka 1492. Mwaka 1713 wakakuundia Akademia, ambayo kaulimbiu yake inaahidi kuisafisha lugha, kuiimarisha na kuing'arisha, kama tangazo la sabuni ya unga. Sisi tuna BAKITA tangu 1967, na ninaiheshimu. Lakini ni nani aliyesikia wenye magari wakiambiwa "keep left" kwenye mzunguko, akarudi na kipilefti, kisha kwa utulivu kabisa akaunda wingi wake, vipilefti? Mtu yule hakuwa kamati.

Mtihani wa mwisho nilifaulu, matokeo yalikuja nimesharudi, na sina la kuongeza hapo.

Niliondoka Juni. Mama mwenye nyumba alisisitiza kunisindikiza hadi stendi ya mabasi, ingawa mguu ulimsumbua, na njia nzima alikuwa kimya, midomo inachezacheza kama mtoto anayekariri. Nilipopanda basi la Madrid alisimama chini ya dirisha langu. Alitaka kuniaga kwa lugha yangu. Alikuwa analo neno moja tu la Kiswahili, na alikumbuka vizuri kwamba nilimwambia maana yake ni kuondoka.

"¡Toka, hijo!" akaniita, mikono yote miwili juu. "¡Toka, toka!"

Mwanamke aliyekaa kiti cha mbele aligeuka kunitazama. Ningeweza kushuka nimwambie kwamba neno ni kwaheri, silabi tatu tu, na dereva bado alikuwa anapanga mizigo. Nikabaki kitini, nikapunga mkono, naye akaendelea kunifukuza huku analia hadi basi likakata kona.